Dereva ana mke Rufiji, binti karuka mstari wa barua: je, niwasafishe?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandika riwaya ya mapenzi inayotokea Kongwa miaka ya mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951. Mwanamume ni dereva wa tingatinga kutoka Rufiji, Mwislamu, aliyejifunza udereva jeshini wakati wa vita. Ana mke na mtoto kwao, lakini huku hajasema. Msichana ni Mgogo, amesoma shule ya misheni, na huwasomea vibarua barua zao. Siku moja dereva anamletea barua yake. Binti anakuta humo habari za mke, na kwamba mtoto anaumwa, naye anauruka mstari huo. Watu niliowapa mswada wasome wanasema wapenzi hawa hawapendeki: dereva awe kapera, binti asome barua yote. Wanasema pia vikwazo vyangu (baba mkatili, mama wa kambo mwenye wivu) vimechoka. Naona uchungu kuwabadilisha. Nifanyeje? Na je, upande wa kanisa kuna kikwazo zaidi ya katazo la padri? Msomaji, Dodoma.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Usiwasafishe. Ukimfanya dereva kapera na binti msema kweli, utabaki na vijana wawili wema wanaozuiwa na mzee mbaya, na msomaji ataujua mwisho kabla hajafika sura ya tatu. Katika sura ulizonitumia kuna ukurasa mmoja ambao waandishi wengi huutafuta miaka na wasiupate, nao ni huo wa barua. Wenzako wanataka uutoe. Mimi naona kitabu kizima kiegemee hapo.

Hata hivyo, hao waliokusomea wamehisi kitu cha kweli, ila wamekipa jina lisilo lake. Umewapa watu wa 1948 dhamiri ya leo. Dereva wako halali usiku, anajiita mzinzi, anajilaumu kwa maneno ya mtu aliyetoka kwenye semina ya ndoa. Mwislamu wa Rufiji wa miaka ile, askari wa Keya (jeshi la King's African Rifles) aliyekwenda Burma akarudi salama, angejiona mwovu kwa kutaka mke wa pili? Dini yake inamruhusu. Wazee wa Kigogo nao hawangeshtuka, maana mwenye wake kadhaa na zizi lililojaa ndiye aliyesikilizwa barazani. Ndani ya riwaya yako mke wa Rufiji ni kizuizi mahali pamoja tu, kanisani. Wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana, walikuwa wamefika Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na katika jambo la mke mmoja hawakulegeza kamba. Mwanamke Mkristo akikubali kuolewa juu ya mwenzake alijua atakosa Meza ya Bwana.

Kwa hiyo kosa la dereva ni kunyamaza huku akijua binti atapoteza nini. Tatizo ni kwamba mswada haujatuonyesha alivyojua. Tengeneza hilo. Jumapili moja amemsubiri binti nje ya kanisa, chini ya mti, na kabla ibada haijaisha anamwona mama mmoja anatoka peke yake na mtoto mgongoni. Baadaye anauliza, mbona yule katoka mapema? Binti anajibu bila kuwaza, "Yule kaolewa mke wa pili, hashiriki." Basi. Usiongeze neno, wala usituambie moyo wake ulipiga vipi. Kuanzia hapo kila siku anayokaa kimya ni siku aliyoichagua mwenyewe, na sisi tunaihesabu pamoja naye. Mtu wa namna hiyo tutamkasirikia, na bado tutataka kujua kesho atafanya nini.

Sasa barua. Kuna tundu ambalo sijui kama wenzako wameliona. Mtu anayeficha mke anampaje mpenzi wake barua ya nyumbani amsomee? Umeandika kwamba hajui kusoma, lakini hilo halitoshi, angeweza kumpelekea mtu mwingine. Pwani inakupa njia nzuri zaidi. Watoto wengi wa Kiislamu wa huko walipita chuoni, yaani shule ya Kurani, na Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya shule za Wazungu. Dereva wako basi anajua kusoma, tena vizuri, ila kwa herufi hizo. Barua zote za mkewe ziliandikwa na mwalimu wa chuo, na yeye amezisoma peke yake kwenye hema bila kumtegemea mtu. Halafu inakuja moja yenye herufi za Kizungu, kwa sababu mwalimu wa chuo amesafiri na mke amemtafuta kijana wa shule amwandikie. Dereva anaigeuza huku na huku, haoni mkono anaoujua, anadhani imetoka kwa rafiki wa jeshini. Anampelekea binti kwa mikono yake mwenyewe.

Na ukifanya hivyo utapata kitu kingine: mtu msomi anayehesabiwa mjinga kambini kwa sababu usomi wake hauingii kwenye fomu za Mzungu. Aibu ile inaweza kueleza mengi, pamoja na kwa nini alipenda binti amwone bila mzigo wowote.

Kwenye tendo lenyewe umeeleza mno. Aya nzima ya wivu, hofu, shetani na mapenzi. Mimi ningebakiza hivi:

Kidole cha binti kilifika mstari wa sita kikasimama. "Endelea," alisema dereva. "Wanakusalimu wote," alisema binti, na kidole kikashuka hadi mstari wa nane.

Msomaji atarudi mwenyewe kuuliza mstari wa saba ulisema nini, na wewe utamwambia sura mbili mbele. Kumbuka pia kwamba tangu dakika hiyo wote wawili wanaficha jambo lile lile, dereva akidhani binti hajui, na binti akificha kwamba anajua. Hapo ndipo mapenzi yao yanapokuwa ya watu wazima. Usiharakishe kuwafumbua. Wape sura tatu au nne za kuishi hivyo, za kucheka pamoja, za dereva kumletea sabuni na sukari kutoka duka la kambi, na kila zawadi inawauma wote wawili kwa sababu mbili tofauti.

Lakini kosa lazima ligharimu. Umemponya mtoto kwa haraka sana, ukurasa mmoja tu, na binti anapumua. Hiyo ni rushwa kwa msomaji. Sikuambii umuue mtoto, kwa maana kumuua ili binti aadhibiwe ni ukatili wa mwandishi, na siku hizi naona miswada mingi inafanya hivyo. Mwache apone, ila mama yake amponye peke yake, kwa kuweka rehani minazi ambayo dereva alikuwa akiitegemea uzeeni. Dereva akifika Rufiji miezi mingi baadaye, amkute mtoto anakimbia na minazi si yake tena. Na mke huyo mpe sura yake. Kwa sasa ni jina ndani ya bahasha. Akiingia na sauti yake, hesabu zake na hasira yake iliyopoa, hakuna atakayesema tena kwamba wapenzi wako hawapendeki. Watakuwa wameshaacha kutafuta wa kumpenda na wa kumchukia.

Nije kwa baba. Mama wa kambo mtoe kabisa, hana kazi. Baba mbakize, ila umwondolee ule ukatili wa kuzaliwa nao na umpe sababu. Hesabu umri wake. Kama mwaka 1948 ana miaka arobaini hivi, basi alikuwa mtoto wa kama miaka kumi wakati wa Mtunya. Wewe ni wa Dodoma, bila shaka umelisikia neno hilo kwa wazee. Ni ile njaa ya 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kupita Ugogo yakichukua nafaka, mifugo na wanaume wa kubeba mizigo. Waingereza waliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916. Mvua ilipokosa kunyesha, maghala yalikuwa yamekwisha kombwa. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa katika nchi yenye watu kama 150,000. Mtoto aliyepita hapo hawi mzee wa kawaida.

Sasa ongeza jambo la pesa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia meli za Waingereza zilifunga bahari, Wajerumani wakaishiwa sarafu, wakaanza kuchapa noti za rupia humu humu nchini, karatasi duni. Utawala ulipobadilika, karatasi zile hazikununua kitu. Kisha rupia yenyewe ikaondolewa, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikaja shilingi. Huyo baba ameona pesa ikifa zaidi ya mara moja kabla hajaota ndevu. Halafu anakuja dereva na bahasha ya noti za mshahara wa Kongwa, anataka kuoa bila ng'ombe. Mswada wako unamfanya baba apige meza, ambayo sidhani hata kama alikuwa nayo. Jaribu hivi:

Mzee alizipokea noti, akazigeuza, akazigeuza tena. Akamwagiza mkewe kibuyu cha mbegu. Chini ya mbegu za uwele mlikuwa na karatasi tatu zilizokunjwa, wadudu wameshazianza pembeni. Akazitandaza juu ya ngozi, kando ya noti mpya. "Hizi walimpa baba yangu kwa mitamba sita," alisema. "Niambie, kijana. Zako na hizi zina tofauti gani?"

Dereva hana jibu, na wewe mwandishi usimpe. Kikwazo kizuri ni kile ambacho msomaji akikisikiliza anaona kina haki, hata kama anaomba kishindwe. Mzee huyu anampenda binti yake. Anataka kitu kinachozaa, kinachoonekana, ambacho mwenye bunduki peke yake ndiye anaweza kukichukua.

Halafu ng'ombe wa mahari si wa baba peke yake, na hapa mswada umekosea kidogo. Kwa Wagogo mahari hukusanywa na ndugu wa upande wa baba na wa mama wa kijana, na vivyo hivyo hugawanywa kwa pande zote mbili za binti. Mjomba ana fungu lake. Kaka ambaye bado hajaoa anawaangalia ng'ombe hao kama njia yake ya kuoa. Kwa hiyo binti akiondoka na mtu wa noti, hajamwasi baba mmoja, amevuruga mipango ya watu kumi, baadhi yao wanaompenda sana. Mtafutie mjomba mmoja mpole, mcheshi, ambaye binti anamkimbilia tangu utotoni, na uhakikishe huyo ndiye anayeumia zaidi. Linganisha na upande wa dereva, ambaye amelelewa akijua kwamba katika Uislamu mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, haimhusu mjomba. Anapoambiwa agawe ng'ombe kwa wazee anaona kama binti anauzwa. Wazee nao wanaona mtu asiye na ndugu wa kusimama nyuma yake anataka kuokota mtoto wa watu njiani. Waache wabishane hivyo hivyo, kila upande ukiwa na adabu, wala usimteue mshindi.

Kama shauri likifika mbali, lipeleke kwenye baraza la mtemi. Chini ya Mwingereza watemi walikuwa na mahakama zao tangu miaka ya 1920, na kesi za mahari na kurudisha ng'ombe zilikuwa kazi yao ya kila wiki. Ukipata nafasi ya kwenda Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa zina vitabu vya wilaya vya enzi hiyo. Siku mbili za kusoma pale zitakupa mambo madogo ambayo kichwa hakiwezi kubuni.

Umeniuliza pia kama kuna kikwazo upande wa kanisa zaidi ya katazo la padri. Kipo, na nashangaa hukukitumia. Miaka ya 1940 uamsho uliotoka Rwanda na Uganda ulikuwa umeenea kwenye makanisa ya Anglikana ya hapa kati. Ndugu wa uamsho waliungama dhambi hadharani, mbele ya wenzao, kwa majina na matendo. Mama wa binti awe mmoja wao. Sasa fikiria binti ameketi katika mkutano, ameona watu wakisimama mmoja mmoja na kutua mizigo yao, wakilia na kukumbatiwa, na yeye anatamani kusimama. Lakini dhambi yake ina mtu mwingine ndani. Akisema "niliruka mstari wa barua," amemfichua dereva kwamba ana mke. Akinyamaza, amekaa na uongo katikati ya watu wanaomwita dada. Hakuna adui hapo, hakuna anayemshika mkono, na bado sioni pa kutokea. Ningeweka mkutano huo katikati kabisa ya kitabu.

Kuhusu mradi wenyewe, umeutumia kama pazia la nyuma, matingatinga yananguruma na vumbi linapanda. Utumie kama saa. Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, wakaja na mpango wa kulima zaidi ya eka milioni tatu, Kongwa ikiwa ya kwanza. Mwaka wa kwanza walikusudia eka 150,000, zikapandwa chini ya 8,000. Udongo wenye mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kiasi cha kuvunja majembe na kuzuia karanga kung'oka. Mvua ya huku unaijua mwenyewe, ni ya msimu mmoja na haitabiriki. Matrekta mengi yalikuwa masalio ya vita, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru, na yalikufa kwa mafungu. Januari 1951 serikali ya London ikatangaza kuachana na mpango huo.

Ona inavyokusaidia. Tingatinga likiwa zima, dereva ni mtu mkubwa kambini, ana mshahara na hana muda. Likifa, ana wiki mbili za kungoja kipuri kutoka Dar es Salaam, na wiki hizo ndizo anazokwenda kijijini. Mapenzi yao yanastawi mradi unapokwama. Kila ukisogeza hadithi mbele, wao wanakaribiana na kazi inayomweka hapo inakufa. Binti anaweza kulitambua hilo kabla yake, na siku moja akajikuta anaomba spea isifike. Hilo nalo ni kosa, dogo, la kibinadamu, na linatuandaa kwa lile kubwa. Mgomo wa 1947, ulioanzia kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam na kupanda na reli hadi bara, utaje kwa sentensi chache tu. Umeupa sura nzima na wapenzi wamepotea humo.

Mwisho wa kitabu sitakuchagulia, ila arusi uliyoiandika siiamini. Dereva hajasema neno, mzee amelainika ghafla, mchungaji hayupo. Kwa ninavyowafahamu hawa wawili sasa, kila njia ya kuoana inamtaka mmoja wao aache kitu kisichorudi: binti Meza yake, au dereva mke aliyeweka minazi rehani, au mzee ng'ombe wake. Amua nani anaacha, mwache aache mchana, macho makavu, akijua anachofanya. Reli ya tawi kutoka Msagali hadi Kongwa ilikuwepo enzi hiyo, kama unataka mtu aondoke.

Madogo yaliyobaki. Mazungumzo ya Kigogo yapunguze, salamu ya "mbukwa" na majina ya vyakula yanatosha, maana sasa msomaji wa Tanga anakwama kila ukurasa. Nyumba ya mzee iite tembe na utuonyeshe paa lake la udongo lililo sawa, watoto wanapanda juu kuanika mtama. Ngoma za muheme wape wanawake wapige, wewe umewapa wanaume. Hakuna Mkoa wa Dodoma mwaka 1948, kuna Jimbo la Kati, na mkuu wa wilaya watu walimwita Bwana Shauri. Bakuli la zabibu kwenye harusi liondoe, kilimo chake kilienea huku baadaye. Na TANU ilizaliwa 1954, kwa hiyo yule kijana anayeuza kadi zake sokoni Kongwa mwaka 1949 amewahi mno. Mpe biashara nyingine.